Nauli ya Kifurushi: Kwa Nini Yumbe Ni Mbali Kuliko Guangzhou

Nenda Kikuubo, katikati ya Kampala, ununue kifuniko cha simu kwa shilingi elfu tano. Ndani ya hizo elfu tano mna gharama ya kiwanda kule Guangdong, jimbo la China lenye mji wa Guangzhou, nauli ya kuvuka Bahari ya Hindi, lori la kutoka Mombasa, ushuru wa forodha, kodi ya kijumba cha muuzaji na faida yake. Sasa mwite mtu wa boda umpe kifuniko hichohicho akampelekee ndugu yako Kyaliwajjala, pembeni mwa jiji. Atakutajia pesa ileile, au zaidi. Wengi wetu tukikutana na jambo hili tunatikisa kichwa na kuendelea na shughuli. Mimi siwezi kulipita hivyo, maana shangazi yangu anaishi Arua, mji wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na riziki yake iko katika vitu vinavyotumwa. Nauli ya kifurushi ndiyo inayoamua kama watoto watarudi shule siku ya kwanza ya muhula au wiki ya tatu.

Shangazi hufuma vikapu na kukamua mafuta ya shea pamoja na majirani zake. Wateja wapo Kampala na Mbarara, wapo Juba, wapo Aru ng'ambo ya mpaka wa Congo, na wachache wapo Ujerumani na Marekani, waliomjua kupitia watoto wa mtaa waliohamia huko. Mimi niko Kampala: napokea mizigo, naifungua, naipanga upya, naipeleka inakotakiwa. Kazi hii imenionyesha jambo ambalo naona likieleweka vibaya kila siku, hata na wanaohutubia juu ya biashara ya mtandaoni. Umbali ni sehemu ndogo sana ya nauli ya kifurushi. Kinacholipiwa hasa ni wingi wa vitu vinavyosafiri pamoja, na makubaliano ya nani atambebea nani hatua ya mwisho.

Tuanze na njia ninayoijua zaidi, ya Kampala na Arua. Ni karibu kilomita 480: Luweero, Kigumba, daraja la Karuma, Pakwach ambako unavuka Nile tena, Nebbi, kisha Arua. Mabasi yake yanaondokea upande wa Arua Park, na kila kampuni ina kidirisha cha mizigo. Unafika na boksi lako lililozungushwa selotepu. Karani hakuulizi mtaa wala namba ya nyumba. Anauliza jina la mpokeaji na namba ya simu, anaviandika kwa kalamu ya maka ubavuni mwa boksi, herufi kubwa, na chini yake anaandika ARUA na kupigia mstari mara mbili. Analinyanyua kwa mkono mmoja kukadiria uzito, maana mizani huwa iko pembeni na hutumika kwa magunia tu. Anakutazama, anatazama boksi, anakutajia bei. Kwa boksi la ukubwa wa katoni ya sabuni nimezoea kulipa kama shilingi elfu kumi, na ukibembeleza kwa heshima inashuka. Anakata risiti kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, boksi linatupwa kwenye tumbo la basi, na alfajiri shangazi anapigiwa simu: "Mama, mzigo wako umefika."

Tazama vitu ambavyo bei ile haikulipia. Haikulipia dereva, kwa sababu dereva amekwisha kulipwa na abiria. Haikulipia mafuta ya gari, kwa sababu basi lingeenda Arua hata kama mimi ningebaki nyumbani na boksi langu. Na haikulipia mtu wa kutafuta nyumba ya shangazi, kwa sababu shangazi mwenyewe atakuja steji na kitambulisho chake. Basi linauza nafasi iliyokuwa itasafiri tupu, na hatua ya mwisho linamwachia mpokeaji. Ndiyo maana ni rahisi.

Sasa ongeza safari kidogo. Mteja yuko Yumbe, chini ya kilomita mia kutoka Arua, na si Yumbe mjini: yuko ndani kabisa, upande wa Bidi Bidi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Agosti 2016 na ambayo kwa muda ilihesabiwa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Watu zaidi ya laki mbili wanaishi pale. Hapo basi la usiku haliendi. Boksi linashuka Arua, linapanda taksi ya Yumbe, linashuka, linachukuliwa na boda kwenye barabara ya vumbi, na mwenye boda anajua kwamba atarudi mtupu, hivyo anadai nauli ya kwenda na kurudi. Mara nyingi kipande hicho cha mwisho kinazidi nauli yote ya kutoka Kampala. Mvua ikinyesha, bei inapanda tena. Nimewahi kumwona mteja akikataa mafuta ya shea aliyoyaagiza mwenyewe kwa sababu boda peke yake ilimtaka pesa nyingi kuliko mafuta yenyewe, na sikuwa na neno la kumlaumu.

Kwa kuwa nimetaja taksi, wasomaji wajue kwamba kwetu Uganda taksi ni ile gari ya abiria kumi na wanne ambayo Kenya wanaiita matatu na Tanzania daladala. Taksi haiondoki mpaka ijae. Ukiwa na haraka, unaweza kulipia viti vyote kumi na vinne ukaondoka peke yako. Barabara ni ileile, mafuta ni yaleyale, lakini umelipa mara kumi na nne. Kifurushi cha Guangzhou kinasafiri katika taksi iliyojaa. Kifurushi cha Yumbe kinalipia viti vyote.

Jambo hili lina miaka mingi tangu lithibitishwe kwa hesabu. Mwaka 1837 Mwingereza Rowland Hill alichapisha kijitabu kuhusu posta ya nchi yake. Wakati huo barua ya London kwenda Edinburgh ilitozwa zaidi ya shilingi moja ya Kiingereza, yaani peni kumi na mbili, kwa hoja kwamba ni mbali. Hill alikaa chini akahesabu gharama halisi ya kuibeba barua hiyo njia nzima, akapata sehemu moja kati ya 36 ya peni moja. Pesa nyingine iliishia kwenye mfuko wa serikali kama kodi, na kwenye makarani wa kupima umbali, kuandika madaftari na kudai malipo mlangoni kwa mpokeaji. Akapendekeza bei moja kwa nchi nzima, ilipwe na mtumaji kabla. Mwaka 1840 ikaanza, peni moja kwa barua, pamoja na stempu ya kwanza ya kubandikwa. Wazo hilo likazunguka dunia. Lilifika hata hapa: mwaka 1895, kule Mengo, mmisionari Ernest Millar alipiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta yake, moja moja, na thamani yake ikaandikwa kwa kauri, zile simbi ndogo za baharini, kwa kuwa kauri ndizo zilizokuwa pesa mkononi mwa watu, 200 kwa rupia moja. Sijawahi kuiona moja kwa macho, na natamani sana.

Ndani ya nchi, basi, dunia ilikubaliana mapema kwamba umbali usiamue bei ya barua. Kati ya nchi na nchi ilichukua muda zaidi, na hapo ndipo fumbo la kifurushi cha China linapozaliwa.

Tarehe 9 Oktoba 1874, mjini Bern, Uswisi, mataifa yalitia saini mkataba ulioanzisha chama ambacho leo kinaitwa Umoja wa Posta Duniani. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Posta Duniani hadi sasa. Kabla ya hapo, barua ya kuvuka nchi tatu ilihitaji makubaliano matatu na hesabu tatu. Mkataba wa Bern ulisema nchi wanachama wote wahesabiwe kama eneo moja la posta. Na ukaweka kanuni nyepesi ajabu: kila nchi ibaki na pesa ya stempu iliyouza, na barua za wenzake izifikishe bila kuwadai. Waliamini kwamba kila barua huzaa jibu. Ujerumani ikiifikishia Ufaransa barua elfu, Ufaransa nayo itaifikishia Ujerumani elfu, na hakuna atakayepunjika.

Kanuni hiyo ilidumu karibu miaka mia. Lakini barua huzaa jibu. Magazeti, katalogi na vifurushi havizai. Nchi zilizopokea kuliko zilivyotuma zikaanza kulalamika kwamba zinalipa watu wa kusambaza mizigo ya wenzao. Kwenye mkutano wa Tokyo mwaka 1969 wakakubaliana kwamba posta ya mtumaji iilipe posta ya mpokeaji kitu fulani kwa ajili ya ile hatua ya mwisho. Na kwa kuwa nchi maskini zisingeweza kulipa viwango vya kazi ya Uswisi au Marekani, baadaye zikawekewa viwango vya chini. Naliona hilo kuwa jambo la haki. Bila hilo, bibi wa kijijini asingeweza kumtumia mjukuu wake aliye London kadi ya Idi.

Shida ni kwamba China nayo ilikuwa kundi la viwango vya chini, kisha China ikawa kiwanda cha dunia. Mfuko mdogo wa posta, ule usiozidi kilo mbili, ukaingia Marekani kwa nauli ambayo posta ya Marekani isingempa hata raia wake. Mfanyabiashara mmoja wa New Jersey aliyetengeneza vikombe alikuta kikombe cha kuiga cha kwake kikiuzwa mtandaoni kutoka China kwa dola 5.69, nauli ikiwa ndani. Yeye, kutuma kikombe kimoja kwa jirani wa ng'ambo ya barabara kungemgharimu dola 6.30 kwa nauli peke yake. Mtu huyo alikuwa na haki ya kukasirika. Mwezi Oktoba 2018 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba itajitoa Umoja wa Posta. Umoja ukaitisha mkutano wa dharura Geneva, Septemba 2019, wa tatu wa aina hiyo tangu uanzishwe, na ikakubaliwa kwamba nchi zinazopokea mizigo mingi sana zijipangie viwango zenyewe, Marekani ikitangulia kuanzia Julai 2020.

Tajiri alipopiga meza, kanuni ikabadilika ndani ya mwaka mmoja. Uganda haina mizigo ya kutosha kupiga meza. Sisi tumebaki na viwango tulivyopewa, na mabadiliko yanayofanywa kwa sababu ya China na Marekani yanatufikia kama mvua inyeshayo kwa jirani na kutufurikia sisi. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kutoka nchi zote. Kwa siku zile posta nyingi duniani zilisimamisha kupokea vifurushi vya kwenda Marekani kwa sababu hazikujua nani atakusanya ushuru na kwa njia gani. Lengo lilikuwa mafuriko ya bidhaa za bei ya chini. Aliyeumia ni pamoja na mama wa Arua mwenye vikapu sita.

Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba vitu vyote vya Kikuubo vinaletwa na mkataba wa posta. Vingi zaidi vinaletwa na mawakala wa mizigo. Wakala ana ghala Guangzhou. Wafanyabiashara mamia wa Kampala wanaelekeza bidhaa zao pale, kila mmoja na alama yake iliyoandikwa kwenye katoni, na wakala anasubiri mpaka zitoshe. Za haraka zinapanda ndege na kulipiwa kwa kilo. Zisizo na haraka zinajazwa kontena, zinalipiwa kwa ujazo, zinashuka Mombasa na kupanda lori hadi Malaba na Kampala. Mwenye katoni moja analipa kwa kiwango kilekile cha mwenye kontena zima, kwa sababu ndani ya lile kontena wote wamekuwa mtu mmoja. Sheria ya taksi iliyojaa inafanya kazi hapa vizuri kuliko mahali popote ninapopajua, na imejengwa na wafanyabiashara wenyewe, wengi wao walioanza na begi moja la mkononi.

Kwenda nje hatuna kitu kama hicho kwa mtu mdogo. Kahawa ina mfumo wake, samaki wa Ziwa Victoria wana mfumo wao, maua ya Entebbe yana wake. Wana vyumba vya baridi, wana nafasi zao kwenye ndege. Kikapu cha shangazi hakina.

Hebu nieleze kikapu hicho, kwa sababu nauli yake ndiyo iliyonifungua macho. Ni cha duara, kina mfuniko, upana wake ni sentimita 40 kila upande na kimo chake 30. Ukikiweka kwenye mizani ni kilo moja na nusu tu. Kampuni za kimataifa za kubeba vifurushi hazitumii uzito huo. Zinachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawanya kwa 5,000, na jibu linakuwa kilo za kulipia, kama ni kubwa kuliko zile za mizani. Fanya hesabu: 40 mara 40 mara 30 ni 48,000. Gawa kwa 5,000, unapata 9.6. Kikapu cha kilo moja na nusu kinalipiwa kama kilo kumi za misumari. Mteja wa Ujerumani alikuwa anashangaa kwa nini nauli inazidi bei ya kikapu mara kadhaa, na jibu ni kwamba alikuwa ananunua tiketi ya hewa iliyomo ndani yake.

Ndege inajaa nafasi kabla haijajaa uzito, kwa hiyo hesabu yao si ya wizi. Lakini fundi akiijua mapema anaweza kuifanyia kazi. Tulimweleza shangazi kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu nitavifuma kama sufuria." Alimaanisha vikapu vya kuingiana, kikubwa kikimeza cha kati, cha kati kikimeza kidogo, kama sufuria zinavyouzwa sokoni kwa seti. Seti ya vikapu vitano sasa inachukua nafasi ya kikapu kimoja. Ndani ya kile kidogo kabisa tunaweka vikopo vya mafuta ya shea vilivyofungwa vizuri. Bei ya kila kikapu kumfikia mteja imeshuka sana, na hakuna aliyemwongezea mtu ruzuku. Mafuta yenyewe yanahitaji uangalifu wa pekee: shea ya upande wetu wa Nile ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na kwenye tumbo la basi mchana wa Februari inageuka maji. Kikopo kisicho na mfuniko wa kukaza kitakuharibia boksi zima na la jirani yake.

Kwa posta ya kawaida kwenda Ulaya nauli ni nafuu kuliko hao wa ndege za haraka, na kuna jambo lake zuri ambalo watu hawalisemi: ukijaza karatasi ya forodha vizuri, CN22 kwa kitu kidogo au CN23 kwa kikubwa, ukaandika vilivyomo na thamani kwa uaminifu, mtu wa posta wa Ujerumani atakibeba hadi mlangoni kwa mteja. Ule mkataba wa 1874 bado unafanya kazi pale. Hatua ya mwisho inabebwa na nchi yenye majina ya mitaa, namba za nyumba na mtu wa posta anayepita kila mtaa. Ndiyo maana naweza kusema kwa moyo mmoja kwamba kikapu kikishafika Berlin hakina shida tena, ilhali kikishafika Yumbe shida ndiyo inaanza.

Sisi anwani zetu ni masanduku ya posta na namba za simu. Sanduku la posta la mwajiri, la shule, la kanisa au msikiti. Wachache sana wana lao. Kwa hiyo kila anayetaka kukufikia nyumbani anaanza upya kutafuta njia: "Ukifika kwenye mti mkubwa, uliza kwa Hajati." Mtu wa boda anaweza kuyafuata maelezo hayo. Mfumo wa kupeleka vifurushi elfu kwa siku hauwezi, na bila elfu kwa siku bei haishuki.

Mpaka nao una mambo yake. Mji wa Aru, Congo, uko jirani kabisa na Arua. Watu wa pande zote wanaoana, wanazikana, wanauziana, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini kifurushi cha Arua kwenda Aru, ukikituma kwa posta, ni kifurushi cha ng'ambo. Hakiwezi kuvuka hapo Vurra kikamaliza. Lazima kwanza kirudi kusini hadi Kampala, kwenye ofisi inayobadilishana mifuko ya posta na nchi nyingine, na kutoka huko ndipo kianze safari ya Congo. Kilomita karibu mia tano kurudi nyuma ili kufika mahali ambapo mama mwenye kapu kichwani angefika kabla ya adhuhuri. Hakuna mtu ninayemjua anayefanya hivyo. Wote wanampa mtu wa boda wanayemfahamu kwa jina la baba yake. Kifurushi kinafika, kwa kweli huwa kinafika, lakini hakina risiti, hakina bima, na kikikamatwa mpakani mwenye nacho anajikuta peke yake.

Zamani haikuwa hivyo kwa majirani zetu wa upande wa mashariki. Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, zilikuwa na posta moja na stempu zenye majina ya nchi zote tatu, hadi miaka ya 1970, na Jumuiya ile ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 kila mmoja akabaki na yake. Wazee wa Kampala wanaokumbuka kutuma barua Kisumu au Mwanza kwa stempu ileile ya Jinja bado wapo. Leo, mabasi yamerudisha sehemu ya umoja huo bila kutangaza: boksi la Kampala kwenda Nairobi linapanda basi jioni, linavuka Busia au Malaba usiku, na nauli yake iko karibu na ya Arua. Kwa biashara ndogo za thamani isiyozidi dola 2,000, Jumuiya ina utaratibu mwepesi wa forodha na cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa ilikotengenezwa. Wauzaji wengi wa vikapu hawajawahi kuambiwa kwamba upo. Ningetamani ubandikwe kwenye kila kidirisha cha mizigo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za kalamu ya maka.

Watu huniuliza kama dawa ni kusubiri barabara. Barabara zinahitajika, hakuna ubishi. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwishoni mwa 2024, sote wa West Nile tulihisi bei ya kila kitu mfukoni. Lakini lami ikifika Yumbe na bado kila boksi likapanda boda yake peke yake, nauli itashuka kidogo tu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya maboksi. Posta Uganda ina ofisi katika miji ya wilaya, na kwa miaka mingi ilikuwa na mabasi yake yaliyobeba abiria na barua kutoka Kampala Road kwenda mikoani. Sijui kampuni binafsi yenye mtandao wa namna hiyo nchi nzima. Ningependa kuiona ikiuza boksi la bei moja: unanunua boksi lenye ukubwa uliopangwa, unalijaza, unalipeleka, na nauli ni ileile ukienda Mukono, jirani na Kampala, au mji wa Moyo, kule karibu na mpaka wa Sudan Kusini, kama ilivyo kwa stempu ya barua. Mukono atalipia kidogo safari ya Moyo, ndiyo. Naliunga mkono hilo bila kusita. Mtu wa Moyo naye analipa kodi zilizojenga barabara za Mukono.

Na sehemu ya mwisho, kutoka ofisi ya posta ya mji hadi kijijini, iwe na siku maalumu. Siku ya gulio inatosha. Yumbe, Koboko, Adjumani, kila mahali watu wanakuja mjini siku ya soko na kurudi na pikipiki zilizopakia. Boksi likisubiri siku hiyo linarudi na jirani anayekwenda huko hata hivyo.

Wanawake wa kikundi cha shangazi wameanza bila kusubiri mtu. Oda za Kampala na za nje zinakusanywa hadi mwisho wa mwezi, vikapu vinaingizwa ndani ya vikapu, vikopo vinafungwa kwa kitambaa, na vyote vinashuka kwa basi vikiwa mzigo mmoja mkubwa wenye jina langu na namba yangu ubavuni. Nauli wanagawana kwa idadi ya vikapu. Kwa wateja wa Ujerumani tunapeleka mzigo mmoja kwa mtu mmoja aliyekubali kuwapokelea wenzake, naye anawasambazia kwa posta ya ndani ya kwao. Oda za Bidi Bidi ndizo bado zinatushinda. Kuna mama kumi na moja huko waliolipa kwa simu na wanasubiri vikapu vya unga kabla ya mavuno, na wiki hii tunatafuta gari lolote linalopanda kutoka Arua Jumamosi likiwa na nafasi nyuma. Kama unalijua, au wewe mwenyewe unapanda, niandikie. Mzigo uko tayari, na nauli tutalipa kabla gari halijaondoka.